Viporo vya Sindano: Soksi Moja, Sweta Nusu na Historia Nzito Iliyojificha Nyuma Yake

Agosti 2021, Tokyo. Olimpiki imepamba moto, majukwaa hayana mashabiki kwa sababu ya korona, na kamera zinazungukazunguka kutafuta sura za mastaa. Zikamnasa mruka majini mmoja wa Uingereza, siku chache tu baada ya kutwaa dhahabu. Mkononi hakuwa na simu. Alikuwa na sindano mbili na uzi, anafuma zake taratibu kama bibi aliyekaa barazani jioni. Picha ikasambaa dunia nzima. Kumbe jamaa alikuwa ameshaifumia hata medali yake kifuko, upande mmoja bendera ya Uingereza, upande wa pili ya Japani, isije ikakwaruzika.

Watu wengi walishangaa kuona mwanaume na sindano. Wafumaji wenyewe walijiuliza kingine kabisa: huyu ana kazi ngapi zinazoendelea nyumbani?

Maana wanajuana. Anayefuma kwa kujifurahisha mara chache sana ana kazi moja. Kuna sweta lililofika kwapani tangu mwaka juzi. Kuna soksi ya kushoto iliyokamilika, ya kulia haijawahi hata kuanzwa. Kuna blanketi la mtoto mchanga, na huyo mtoto sasa hivi yuko darasa la tatu. Kuna skafu ndogo inayokaa kwenye mkoba kwa ajili ya foleni. Sweta ndiyo njia kuu, hizo nyingine ni michepuko, na kila uzi mpya mzuri ukionekana dukani ndoa inatikisika. Kibongobongo hivyo vinaitwa viporo, kama mechi za ligi zinazowasubiri Simba na Yanga wakitoka kwenye michuano ya Afrika.

Na sio uvivu, tuwekane sawa. Blanketi kubwa haliingii kwenye daladala. Mchoro wa kuhesabu vitanzi kimoja kimoja haufumiki huku macho yako kwenye tamthilia. Kwa hiyo mfumaji anakuwa na kazi ya safari, kazi ya kwenye TV, kazi ya usiku nyumba ikiwa kimya, na kazi moja ngumu ambayo kila akiitazama anaamua kwanza achemshe chai.

Wahenga walionya kuwa mshika mawili moja humponyoka. Ila ukiifuatilia historia ya ufumaji unakutana na jambo ambalo wengi hawalijui: uhuru wa kuacha kazi nusu na kuanza nyingine haukuwepo siku zote. Kwa mamia ya miaka ilikuwa anasa, na watu wengi walioshika sindano hawakuimudu. Watu hao majina yao karibu yote hayakuandikwa popote. Kilichobaki ni kazi za mikono yao.

SOKSI NYEKUNDU ZA MISRI

Kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna pea ya soksi nyekundu za sufu zilizochimbuliwa Misri. Umri wake ni zaidi ya miaka 1,500. Mbele zimegawanywa, kidole gumba kivyake na vingine kivyao, ili mvaaji aingize mguu kwenye ndala bila shida. Zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, ufundi uliotangulia huu wa sindano mbili. Ufumaji wa sindano mbili na zaidi nao ushahidi wake wa zamani kabisa unatoka huko huko Misri, enzi za Kiislamu: vipande vya soksi za pamba za bluu na nyeupe vyenye umri wa miaka mia saba, mia nane na kuendelea.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kufuma ni mambo ya Wazungu wa kwenye baridi, mwambie aanzie Afrika kwanza.

Aliyezifuma soksi zile nyekundu hajulikani. Kinachojulikana ni kwamba alimaliza zote mbili.

WANAUME, VYAMA NA TAREHE YA MWISHO

Ufundi ulipoingia Ulaya na kushika kasi, kazi ya heshima ilikamatwa na wanaume. Mafundi walikuwa na vyama vyao, na vyama hivyo havikuwa vya mchezo. Kijana alianza kama mwanafunzi, akakaa miaka chini ya fundi, halafu ili naye aitwe fundi ilibidi atoe kazi ya mtihani. Katika maeneo ya Ulaya ya kati kazi hizo zilikuwa pamoja na kapeti kubwa la kufumwa kwa mkono, lenye maua, wanyama na rangi kibao. Moja la mwaka 1781 kutoka Alsace bado lipo hadi leo.

Hebu fikiria kuiacha kazi hiyo njiani kwa sababu umeona uzi mzuri wa rangi ya zambarau. Hakuna cheti, hakuna duka, hakuna kuoa. Kiporo kwao kilikuwa sawa na kufeli.

WAFUMAJI WA KUTISHA

Nje ya miji mambo yalikuwa magumu zaidi, na huko ndiko walikokuwa wanawake, watoto na wazee. Kaskazini mwa Uingereza kuna bonde linaitwa Dent. Karne ya 18 watu wa huko walifuma kuanzia alfajiri. Walichomeka kijiti cha mbao kwenye mkanda kiunoni kushikilia sindano moja, mkono mmoja ukabaki huru, basi wakafuma wakichunga ng'ombe, wakifuma wakienda sokoni, wakifuma wakipiga soga. Jioni walikusanyika nyumba moja ili watumie moto mmoja na mshumaa mmoja, wakisimuliana hadithi huku soksi zinarefuka. Walikuwa na kasi mpaka wakaitwa wafumaji wa kutisha. Kutisha kwa maana ile ile ya vijana wa leo: kwamba walikuwa balaa.

Ila tusiipake sukari. Hiyo kasi haikuwa ya sifa, ilikuwa ya njaa. Malipo yalikuwa kwa soksi, na soksi iliyobaki nusu haikununua unga.

Visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Scotland, hadithi inauma zaidi. Kuna picha za kale za wanawake wa huko wakiwa na vikapu mgongoni vimejaa udongo wa kuwashia moto. Kikapu kimening'inia kwa kamba kifuani, na mikono inafuma. Walikuwa wanatembea na mzigo huku wanafuma. Walitengeneza shali laini kiasi kwamba shali zima liliweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa.

Malipo yao? Mara nyingi haikuwa pesa. Mwenye duka alichukua shali na kumpa mfumaji majani ya chai, kitambaa au vitu vingine vya dukani mle mle. Mwanamke aliyetaka sarafu ya kulipia kodi ilibidi aanze kutembeza chai aliyopewa. Kelele zikazidi mpaka serikali ikaunda tume, na mwaka 1872 wanawake wa Shetland wakasimama mbele yake kueleza jinsi mikono yao inavyotafutia watu wengine utajiri.

Hapa kwetu Afrika Mashariki picha hiyo si ngeni. Wanawake wa Ukambani na wa Gikuyu wamesuka viondo huku wanatembea kwenda sokoni, kamba mkononi, mzigo mgongoni. Pwani, ukili wa mkeka unasukwa ukiwa mrefu, unakunjwa, unawekwa chini mpishi akageuze mboga, kisha unaokotwa tena. Hizo zilikuwa kazi za kuacha na kurudia, ndiyo. Lakini kurudia ilikuwa lazima, kwa sababu mkeka ulikuwa na mnunuzi anayesubiri au bi harusi anayehamia.

KASISI ALIYETAKA KUPUMZISHA MIKONO

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1589. Kasisi mmoja wa kijiji cha Calverton, karibu na Nottingham, akabuni mashine ya kufuma soksi. Mtaani inasimuliwa kwamba alikuwa amechoshwa na mwanamke aliyempenda, kila akienda kumtembelea yeye macho kwenye sindano tu. Kama ni kweli au chai, haijalishi. Inasimuliwa pia kwamba malkia alimnyima hataza kwa kuhofia maskini wanaoishi kwa kufuma watakosa mkate. Kasisi akahamia Ufaransa, na huko huko akafariki bila kuona utajiri.

Mashine yenyewe haikufa. Ilisambaa taratibu, na zaidi ya miaka 200 baadaye, mwaka 1811, maeneo yale yale ya Nottingham yakalipuka. Safari hii waliokasirika walikuwa ni waendesha mashine za soksi wenyewe. Ujira ulishushwa, bidhaa za ovyo zikajaa sokoni, na usiku vikundi vikaingia kwenye karakana kuvunja mashine kwa nyundo. Mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria: ukivunja mashine ya kufuma, adhabu yake inaweza kuwa kifo. Kijana mmoja wa ukoo wa kiungwana, mshairi aliyekuwa ndio kwanza anaanza kuwa staa, alisimama bungeni kuwatetea maskini wale. Hakusikilizwa.

Watu walihatarisha shingo zao kwa ajili ya soksi. Hiyo ndiyo bei iliyokuwa mezani.

KIKAPU CHA SEBULENI

Na hapo ndipo kitu cha ajabu kinatokea. Soksi za mashine ziliposhuka bei, kufuma kwa mkono kukakosa faida kwa watu wengi. Kitu kisichoingiza hela kina njia mbili: kufa, au kugeuka kuwa burudani.

Kikageuka. Kuanzia miaka ya 1830 na 1840, Uingereza ikaanza kupata vitabu vya michoro ya kufuma kwa ajili ya wanawake wa familia zenye uwezo. Vifuko vya sarafu, kofia za watoto, mito ya sindano, shali za kutokea. Sebuleni kukawa na kikapu cha kazi. Mwenye kikapu alifuma kidogo, mgeni akaja akaacha, kesho akaanza kingine kwa sababu kitabu kipya kimetoka. Hakuna aliyemdai.

Hicho ndicho kiporo cha kwanza cha raha. Na angalia walivyopishana: zama hizo hizo, sindano zile zile, mwanamke mmoja wa mjini anaacha shali nusu kwa sababu limemboa, mwingine wa Shetland anamaliza shali lake usiku kwa mwanga hafifu kwa sababu chai imeisha nyumbani. Tena yule wa mjini ndiye huenda akalinunua.

UZI ULIPOINGIA VITANI

Anasa hiyo ilikatwa ghafla mara mbili. Mwaka 1914 vita vilipoanza, wanawake wa Uingereza waliombwa kuwafumia askari soksi na mikanda ya tumbo, kwa maelfu kwa maelfu. Waliokuwa wanafuma kwa starehe wakajikuta na rangi mbili tu mkononi, kijivu na kaki, na kazi moja: imalizike, iende. Askari aliyesimama kwenye handaki lenye maji hahitaji soksi moja.

Vita vya pili vikaja na kibano kingine. Juni 1941 Uingereza ikaanza kugawa nguo kwa kuponi, na uzi wa kufumia nao ukaingia humo. Watu wakaanza kufumua. Sweta la baba likawa la mtoto, la mtoto likawa glovu. Uzi ulifumuliwa, ukaoshwa, ukanyooshwa, ukafumwa upya. Kiswahili hapa kimetoa darasa: ni neno moja tu, fuma na fumua, na kati yao kuna kasilabi kamoja. Wafumaji wa Kiingereza wao hulihusisha tendo la kufumua na chura, kwa sababu maneno ya kuambiana "chana, chana" kwa lugha yao yakitamkwa haraka yanasikika kama mlio wake.

VITAMBAA VYA MAKOCHI NA SWETA ZA JANUARI

Afrika Mashariki ufumaji wa sindano na kroshia ulikuja kwa mlango wa shule za misheni na vilabu vya akina mama. Kenya, Maendeleo ya Wanawake ilianza miaka ya mwanzo ya 1950, na vilabu vyake vilifundisha usafi, mapishi, ushonaji na ufumaji. Huku na kule, mabinti walifunzwa kufuma kama sehemu ya kuwa "mke mwema". Matunda yake kila mtu ameyaona: vitambaa vyeupe kwenye makochi, juu ya redio, juu ya friji, na ole wako mtoto ukalie kile cha wageni.

Kisha kazi ikarudi kuwa kazi. Kwenye miji ya baridi, kuanzia Nyeri mpaka Njombe, kuna akina mama wenye mashine ndogo za mkono wanaofuma sweta za shule. Januari ikikaribia, mama huyo hana mchepuko. Ana daftari la oda, majina ya watoto na rangi za shule.

Na sasa ni zamu ya mabinti wa Instagram na TikTok wa Dar na Nairobi, wenye vitop vya kroshia, mikoba na kofia. Hapa kuna siri ya kuishika: viwandani hakuna mashine inayofuma kroshia halisi. Ukiona kitop cha kroshia kinauzwa bei ya kutupa, jua kuna mtu amekaa mahali akakifuma kitanzi kwa kitanzi, na ujira wake ndio uliokatwa. Mambo ya Shetland hayajaisha, yamehamia tu.

Wengi wa mabinti hawa walianza kwa kujifurahisha, wana viporo vitano chumbani. Mteja wa kwanza akituma advansi, kila kitu kinabadilika. Kiporo kilichokuwa raha kinakuwa deni.

KIPORO KINAPOPATA RASMI JINA

Mwaka 2007 wanandoa wawili wa Marekani walifungua tovuti ya wafumaji ambayo imekusanya mamilioni ya watu. Ndani yake kila mtu anaorodhesha kazi zake, na mfumo unampa nafasi za kuchagua: inaendelea, imekamilika, imelala kama mnyama wa msimu wa baridi, au imefumuliwa. Yaani kwa mara ya kwanza kiporo kikapewa sehemu yake rasmi, bila aibu.

Halafu ikaja 2020. Mwimbaji mmoja wa Uingereza alivaa sweta la vifungo la viraka vya rangi rangi kwenye mazoezi ya shoo. Mashabiki wakaanza kulifuma wenyewe TikTok, mbunifu akaona isiwe tabu, akaachia mchoro wake bure, na sweta lenyewe likaishia Victoria and Albert, nyumba ile ile yenye soksi nyekundu za Misri. Dunia imefungiwa ndani, sindano zikauzwa, na bila shaka viraka vingi viliishia kwenye mifuko chini ya vitanda.

SINDANO ZILIZOBAKI

Lakini kuna aina moja ya kiporo isiyochekesha. Mfumaji anafariki, na kwenye kikapu kunabaki sweta lenye mkono mmoja. Sindano bado zimo. Kila kitanzi kimepita kwenye vidole vyake, na cha mwisho ni cha siku ile aliyoiweka kazi chini akidhani ataiokota kesho. Familia haijui kufuma. Kutupa hawawezi. Kukaa nalo kunauma.

Mwaka 2022 marafiki wawili wafumaji wa Marekani waliona wanavyoombwa kazi hizo mara kwa mara, wakaanzisha mtandao wa kujitolea. Familia inaandika, inatafutiwa mfumaji wa karibu mwenye ufundi unaoendana na kazi, naye anaimalizia bila malipo. Wamejitokeza maelfu kwa maelfu, kutoka nchi nyingi. Anayemalizia anajitahidi kuufuata mkono wa marehemu: kama alikuwa anakaza uzi, naye anakaza.

Hapo duara la historia linageuka kabisa. Wale wa Dent na Shetland walimaliza kazi za watu wasiowajua kwa sababu walikuwa na njaa. Hawa wanamaliza kazi za watu wasiowajua kwa sababu wameshiba, na wameamua muda wao uende huko.

Kwa hiyo kikapu cha viporo si ushahidi kwamba mtu ni mzembe. Ni ushahidi kwamba hakuna mwenye duka anayemsubiri mlangoni na robo ya majani ya chai. Ila uhuru nao una adabu zake. Sweta lililolala miaka minne lina njia tatu: limalizwe, lifumuliwe uzi upate maisha mapya, au apewe mwenye mikono inayotamani. Na kama kuna bibi au shangazi nyumbani ambaye bado anafuma kile kitambaa cha kochi, ni vizuri kukaa naye jioni moja kujifunza anavyoshika sindano, kabla hajaiweka chini.

Haya, wa sindano na kroshia mpo? Semeni ukweli hapo chini: una viporo vingapi, na cha zamani kuliko vyote ni cha mwaka gani?